Siku Bi Shaba Alipooshwa Ndani

Ulimwona. Usiseme hukumwona, maana barabara ya Msambweni si pana kiasi hicho. Ulimwona Mbodze akija asubuhi na jua limekwisha kuwa kali, leso moja kiunoni na nyingine begani, ukainama ghafla kumfunga mbuzi ambaye hakuwa amefunguka. Jirani yako akasogeza sikio kwenye redio. Yule wa dukani akakumbuka kwamba kuna magunia nyuma yanamngoja. Mlango mmoja ulirudishwa kabla hata hajapiga hodi, na ndani zikasikika sauti za watu wakinyamazishana. Hakuwa amekuja kukopa. Hakuwa amekuja kuomba unga. Alikuja kuuliza neno moja tu, "Utakuja kusema?" nawe ukatazama pembeni.

Basi kaa kitako usikie ulichokuwa ukikikwepa.

Beni ya Nyota unaijua, hata kama siku hizi unajidai umeisikia kwa watu tu. Ilikuwa na ngoma kubwa moja, tarumbeta mbili zilizochakaa, zumari, na ngoma ndogo ya shaba. Hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa roho ya beni. Mwili wake ulikuwa bamba la shaba lililoviringwa na kuungwa kwa lehemu. Juu ngozi, chini ngozi, na chini ya ile ya chini zilipita nyuzi zilizokazwa, ndizo zilizoifanya isidunde kama ngoma zetu za mti, bali ikwaruze na kufoka, kama mchanga mkavu unaomwagwa juu ya makuti. Wenyewe waliiita Bi Shaba, na ukiiita ngoma tu mbele yao ulitazamwa kama mtu asiyefunzwa adabu kwao.

Aliyemleta Bi Shaba ni Boga, baba yake Shutu, aliporudi kutoka vita vya kwanza vya Wajerumani, alikobebeshwa masanduku ya watu hadi mabega yakaota sugu. Alisema alimwokota upande wa Jasini, amelala ubavu kwenye matope ya mikoko. Kuhusu aliyekuwa akimpiga kabla yake, Boga hakueleza, na ukimwuliza sana aliondoka kibarazani. Wale waliombebesha hawakumpa shukrani wala bakshishi. Akajilipa kwa ngoma, akaona hesabu imekwisha.

Miaka ikapita, na Bi Shaba akawa anabadilishwa viungo. Pete zake za mbao, zile zinazobana ngozi, zililiwa na mchwa, zikafanywa za chuma. Nyuzi zake za utumbo zilioza, Shutu akatia waya za breki ya baiskeli. Skrubu nazo zilimdondoka kwenye arusi moja ya Gazi, watu wakazitafuta kwa koroboi wasizipate, na fundi baiskeli wa Kona ya Musa akaweka nyingine mpya za kumetameta. Mwisho wake, cha asili kilichobaki ni lile pipa lake la shaba tu.

Na kwa kuwa aliitwa Bi, alitunzwa kama Bi. Hakutoka nje mchafu. Kabla ya arusi, kabla ya kwenda kushindana na beni ya Vanga, kabla ya kupigwa mbele ya mgeni yeyote, sharti aoshwe na mwanamke aliyekabidhiwa kazi hiyo, naye akiitwa somo, sawasawa na somo wa bibi arusi. Ukwaju uliorowekwa, majivu ya kuni, kumbi la nazi la kusugulia. Kisha mafuta ya nazi, kisha leso isiyovaliwa. Kumtoa Bi Shaba mbele ya wageni akiwa na doa ni kumvua nguo mama wa watu hadharani, na faini yake ilikuwa mbuzi. Ila aliosheka nje tu. Ndani ngozi zilifunika, na siku za kubadili ngozi walikusanyika wanaume na kamba zao, wakamaliza upesi wakafunga, somo hana habari.

Somo alikuwa Mbodze, mke wa Shutu. Mbodze ni mtoto wa Kinango, wa kule kwenye ukame, ambako mtu huoga akafikiria kwanza. Siku ya kwanza alipomwona mama mkwe wake, Mwanapili, amejitwika mtungi mzima kwa ajili ya ngoma, alishindwa kujizuia.

"Mama, maji yote haya ni ya ngoma?"

"Ni ya ngoma, mwanangu. Kwani kwenu mnaogea nini? Vumbi?"

Akacheka, akachekwa, akajifunza. Mwanapili macho yalipoanza kufunga ukungu, alimwita mkwewe mbele ya wana beni wote, akamkabidhi lile bakuli la ukwaju. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuona doa kwenye shaba ile. Mbodze hakubahatika mtoto. Watu walisema walivyosema, naye akasugua.

Mwaka wa sitini na tatu, mwezi ule kabla ya bendera, beni ya Nyota ikapewa nafasi ya kupiga Kwale siku Uhuru utakapopokewa. Wakatoka na lori kwenda kufanya majaribio. Lori likachemka Kona ya Musa, likasimama kutiwa maji, na vijana wa beni, kwa furaha waliyokuwa nayo, wakashuka wakaanza kupiga pale pale njia panda. Shutu alikuwa na Bi Shaba shingoni. Watu wakajaa, kina mama wakapiga vigelegele.

Ndipo gari la Bwana Penroz likasimama.

Huyu Penroz ndiye mwenye hoteli ya Mwamba Mweupe kule Diani, hoteli iliyosimamishwa mwaka wa hamsini na nane mahali babu zenu walipokuwa wakianika samaki. Hilo nalo mlilitazama pembeni, lakini lina siku yake. Hoteli ile ilikuwa na bendi ya kuwachezesha wageni, na bendi ilikuwa imepotelewa na ngoma yake ndogo ya shaba, iliyoagizwa Uingereza mwaka wa sitini. Jikoni walisema mpigaji mwenyewe aliiuza Mombasa akashona suti. Jikoni husema mengi. Penroz alishuka garini, akamtazama Shutu kifuani, akanyoosha kidole.

"Hiyo ngoma yangu."

Shutu akadhani ni mzaha wa Kizungu. "Yako, Bwana? Huyu ni mke wa pili wa baba yangu."

Watu wakaangua kicheko. Penroz hakucheka.

"Baba yako alikuwa na kiwanda?"

"Alikuwa na mabega, Bwana."

Askari walikuwa hawako mbali. Walipokuja wakamtaka Shutu aivue ngoma, naye akaishikilia kwa mikono miwili akasema, "Basi nichukueni na mimi, maana huyu peke yake hajui njia." Wakamchukua kweli. Lori likarudi Msambweni kimya, na aliyeuliza Shutu yuko wapi alionyeshwa kwa kidole upande wa Kwale.

Bendera ikapandishwa Kwale. Wakapiga beni nyingine. Mbodze alisimama nyuma ya umati na leso ya Bi Shaba mkononi imekunjwa vile vile ilivyopigwa pasi, na ulipolipuka ule ukelele wa usiku wa Uhuru, yeye alikuwa akimtafuta kwa macho mtu wa kumwuliza lini mumewe atafikishwa mbele ya hakimu. Aliyempata alimwambia, "Mama, leo ni siku ya furaha, usituharibie."

Kesi ikasikizwa Januari. Na kesi yenyewe ukiitazama ilikuwa juu ya kitu kimoja tu: umri. Kama Bi Shaba ametengenezwa kabla ya hoteli kuwako duniani, basi hawezi kuwa wa hoteli, na Shutu aende nyumbani. Kama ni wa juzi, Shutu ni mwizi. Wazee wa beni wakasimama mmoja mmoja wakaapa kwamba ngoma ni ya Boga. Hakimu akawasikiliza akimaliza kuandika kitu kingine, halafu akasema hawa wote ni watu wa chama kimoja, wanakula sahani moja, anataka mtu wa nje. Mtu wa nje hakutokea. Unajua kwa nini hakutokea.

Basi hakimu akaagiza aitwe mjuzi. Akapatikana Mzee Pinto, Mgoa wa Mombasa, mtengenezaji wa tarumbeta za mabendi, mzee msafi mwenye miwani miwili, ya mbali na ya karibu. Pinto alimgeuza Bi Shaba, akamgonga kwa ukucha, akasema kwa Kiingereza maneno mengi ambayo karani aliyafupisha. Alichosema ni hiki: skrubu ni mpya, pete ni mpya, nyuzi ni za baiskeli, vyote hivyo havimwambii kitu, maana viungo hubadilishwa. Na shaba ya nje imesuguliwa mno. Lakini shaba huzeeka kama mtu. Ikiachwa peke yake hufanya weusi, kisha huota kutu ya kijani kwenye maungio, na weusi wa miaka mitatu si sawa na weusi wa miaka hamsini. Pale kifaa cha zamani kilipokuwa kimefungwa hubaki kivuli chake. Nje unaweza kuidanganya, ndani haijaguswa. Ifunguliwe, aitazame ndani, naye ataapa.

Karani alipowageukia wana beni kwa Kiswahili alisema: "Ngoma ifunguliwe. Mgeni anataka kuitazama ndani."

Hilo ndilo neno lililofika Msambweni. Hivyo tu, bila mkia.

Ngoma ikapelekwa kwa chifu, kwa kuwa mahakama iliogopa mikono isiyojua isije ikapasua ngozi ikawa kesi nyingine. Akaitwa Mbodze aje na ufunguo wa skrubu, afungue mbele ya askari. Akaja asubuhi, akatandika mkeka kwenye baraza ya chifu, akamweka Bi Shaba katikati kama mgonjwa. Alikuwa hajamwona tangu akamatwe Kona ya Musa. Alama za vidole vya watu zimemjaa mwili mzima. Mbodze akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akatoa pete, akainua ngozi.

Akatazama ndani. Akarudisha ngozi haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chooni akakuta mtu.

Mle ndani mlikuwa meusi kama chungu cha miaka. Kwenye maungio, kutu ya kijani imechanua. Nyigu walijenga humo kibanda cha udongo wakakihama. Kuna mahali palikuwa na alama, kama kivuli cha kitu kilichowahi kufungwa hapo, na pembeni yake madoa yamekaa kama ramani. Na ndimo humu, mgeni wa Mombasa na hakimu mzima watakamochungulia! Somo akawa anaona haya kwa niaba ya Bi Shaba, ya Boga, ya mama mkwe wake. Likamjia na wazo jingine, nalo ndilo lililomponza: kwamba mwizi hatunzi. Mwizi hufunika. Hakimu akiona ngoma hii inang'aa mpaka ndani, mpaka pasipofika jicho, atajua huyu ana wenyewe.

Akamwita msichana apitaye, akamtuma ukwaju na majivu.

Askari alikuwa amekaa kwenye kiti, viatu kavivua. "Mama, umeambiwa ufungue tu."

"Nimefungua."

"Sasa maji ya nini?"

"Wewe mama yako akienda kutazamwa na daktari, haogi?"

Askari akafikiri. "Anaoga."

"Haya."

"Osha basi. Ila usinimwagie viatu."

Akaosha. Alisugua asubuhi ile kama hajapata kusugua. Akatoa udongo wa nyigu kwa kijiti, akapaka ukwaju, akaacha ukae, akapaka tena. Weusi ukalegea ukatoka kwa matone kama masizi ya mvua ya kwanza juu ya bati, ukatiririka ukingoni mwa baraza, ukaingia mchangani. Kutu ya kijani ikakatika kwa majivu. Kile kivuli kilikaidi, akakitafutia mchanga laini wa pwani, nacho kikaondoka. Jua lilipofika utosini alijiona uso wake mle ndani, umevutwa mrefu, wa manjano, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Novemba akacheka. Hata askari alisogea kuchungulia.

"Wallahi, mama, unaweza kunyolea ndevu."

"Nyoa ya kwako kwanza," Mbodze akamwambia.

Akamkausha Bi Shaba kwa leso, akampaka mafuta kidogo, akamfunika, akamkabidhi.

Siku ya pili mahakamani Mzee Pinto alivaa miwani yake ya karibu, akafunua leso. Akaingiza kichwa, akanusa, akapitisha kidole kwenye maungio, akakitazama kidole. Chumba kizima kilinuka mafuta ya nazi. Pinto akavua miwani.

"Nani ameosha?" akauliza, safari hii kwa Kiswahili.

Mbodze alisimama. Usisahau alivyosimama. Alisimama kama anayeitwa kupewa zawadi. "Ni mimi, mzee wangu. Mimi ndiye somo wake."

"Lini?"

"Jana. Nimemwosha mpaka ndani."

Mzee Pinto akamtazama kwa muda mrefu, si kwa hasira. "Mama," akasema, "umeuosha ushahidi wote."

Mbodze alibaki amesimama. Neno lilikuwa limefika masikioni, halijafika penyewe. Akawatazama wazee wa beni, nao wakatazama miguu yao. Alikuja kuelewa pale mwendesha mashtaka alipoinuka akasema kwa sauti nyororo kwamba mheshimiwa hakimu amejionea, mtu anayesugua kitu ndani usiku wa kuamkia kukaguliwa ana la kuficha. Haikuwa usiku. Ilikuwa mchana kweupe, mbele ya askari. Lakini askari yule aliyeshuhudia hakuwapo kusema.

Pinto aliulizwa kama anaweza kuapa. Akasema lehemu yaonekana kuwa ya mkono, si ya mashine, ila mafundi wa mkono wako hata leo. Akasema yeye ni mtu wa tarumbeta, ngoma anazijua kwa kiasi. Akasema ni shaba nzuri. Ya mwaka gani, hataapa. Hakimu akataka bei, kwa kuwa bei ndiyo inayopima kifungo. Pinto akasema kwa hali hii, na skrubu hizi na waya hizi, haipiti bei ya baiskeli kuukuu. Penroz akataja bei ya ngoma mpya kutoka Uingereza, na nauli ya meli, na ushuru. Hakimu akaichukua ya Penroz.

Shutu akapewa miaka mitatu na kazi ngumu.

Walipomtoa alipita karibu na mkewe, pingu mkononi, na yeye Mbodze akawa amejifunika uso mzima kwa leso. Shutu akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Usilie, somo. Umeosha vizuri." Kuna waliocheka. Wewe ulikuwapo, au jirani yako alikuwapo, maana kilisimuliwa kichekesho hicho mpaka Lunga Lunga.

Nyumbani Mwanapili alikuwa akingoja kwenye mkeka, macho yake yenye ukungu yameelekezwa mlangoni. Mbodze akapiga magoti, akashika miguu yake. "Mama, ni mimi niliyemfunga mwanao."

Mwanapili akamwambia, "Ningeletewa mimi ningeosha pia." Kisha, "Ningetia na ndimu." Siku nzima hakula.

Ikawa hivyo mpaka ikatokea Ijumaa moja, baada ya sala, akapiga hodi Iddi.

Iddi ni mtoto wa kaka yake Mbodze, mtumishi wa mezani kule Mwamba Mweupe. Alikuja na viatu vya hoteli, vyeusi, akavivua mlangoni akavipanga kwa uangalifu kama mayai.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Karibu. Umekuja kuniambia nini, maana sura yako haikuja kusalimu."

Iddi akatazama nje kwanza. Akasema ngoma imetundikwa kwenye ukuta wa baa. Bendi haikuitaka, walisema sauti yake ni ya askari si ya dansi. Akasema wiki ile amefikia mgeni mzee, mkusanyaji wa ngoma za majeshi, mtu aliyezunguka dunia akizitafuta. Alipoiona tu aliacha chakula. Akaomba ishushwe.

"Mimi nilikuwa nimeshika sinia, shangazi, karibu nao kama hapa na pale. Akatoa sumaku mfukoni, kisumaku kidogo hivi. Akaiweka kwenye tumbo la ngoma, ikateleza, si shaba? Halafu akaiweka hapa ukingoni, kwenye upindo. Ikang'ang'ania."

"Ikang'ang'ania vipi na ni shaba?"

"Ndivyo Bwana Penroz alivyouliza. Yule mzee akacheka. Akamwambia ndani ya upindo kuna waya wa chuma, shaba imekunjwa juu yake ili ukingo usilegee. Akasema Waingereza hawafanyi hivyo ngoma zao. Hivyo walifanya mafundi wa Ujerumani, zamani, na walikwisha kuacha kabla ya vita vya kwanza. Akasema: hii ina miaka hamsini na zaidi, na wewe unaitundika karibu na chupa!"

Mbodze alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Maji ya ukwaju hayakufika huko. Mikono yake yote, na majivu yake yote, na mchanga wa pwani, havikufika ndani ya ule upindo. Ushahidi alikuwa hajaumaliza. Umelala mle mpaka leo.

"Na Penroz? Penroz akasemaje?"

"Akaniambia niongeze barafu." Iddi akajikuna shingo. "Yule mzee ameinunua. Bei aliyotoa, shangazi, hata mwenyewe Bwana Penroz alikaa chini. Karisa seremala anatengeneza sanduku. Inapanda meli Kilindini."

"Iddi."

"Naam."

"Utakuja kusema?"

Iddi alivitazama vile viatu pale mlangoni. "Nina watoto, shangazi," akasema. "Usiwaambie watu kuwa nimekuja."

Mbodze hakumlaani. Alijitanda leso akaenda kwa miguu hadi alipopata gari la mzigo, akafika kwa karani wa mahakama kabla ya kufungwa afisi. Karani, mtu wa bara, kijana, si mbaya, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia hivi: rufaa iko wazi bado. Hakimu mkubwa anaweza kuizuia ngoma isisafirishwe, na akaagiza ipimwe kwa sumaku mbele yake. Lakini mke wa mfungwa akija peke yake na habari ya kuambiwa, hilo ni porojo mbele ya sheria. Lete aliyeiona sumaku. Au lete watu wawili wasio wa beni, walioiona ngoma hiyo kabla hoteli haijajengwa. "Wawili tu, mama. Msambweni nzima hukosi wawili."

Ndiyo maana alikuja kwako.

Alianza kwa Chirau mvuvi. Alimkumbusha arusi yake ya mwaka wa arobaini na saba, alivyoingizwa ndani na beni ya Nyota na Bi Shaba akifoka mbele yake. Chirau akasema arusi ni jambo la zamani, na samaki wake anauzia hoteli. Akaenda kwa yule mwenye duka. Yeye anapeleka mayai. Akaenda kwa mwingine ambaye hapeleki kitu, akadhani hapo atapata, kumbe bintiye ameahidiwa kazi ya kufua mashuka. Mmoja alimwambia angoje kidogo Uhuru ukomae. Mmoja, mtu wa kuswali safu ya mbele, alimwambia amwachie Mungu, akamrudishia mlango taratibu, kwa heshima. Na kila mmoja wao, kila mmoja, alicheza ngoma ile. Wengine walitahiriwa ikipigwa.

Mnaogopa nini? Mzungu mmoja mwenye baa? Mlisimama Kwale mkapiga kelele hadi sauti zikawakauka kwamba mmekuwa watu huru. Shutu alizisikia kelele zenu akiwa ndani. Sasa anavunja mawe, na waliomtembelea wanasema kifua chake kimeanza kukohoa vile kinavyokohoa cha mtu asiyemaliza kifungo. Mbodze hujui anavyolala. Mwanapili amekata kauli ya kutokula kilichopikwa na mwingine, na mkwewe naye hapiki, akiona ukwaju anatapika.

Karisa amekwisha kupiga randa mbao za sanduku. Misumari bado. Kati ya msumari wa kwanza na wa mwisho ndipo mlipo na nafasi, maana meli ikiondoka na ngoma ile, hapatakuwa na upindo wa kuwekea sumaku, na Shutu atakuwa mwizi milele.

Kwa hiyo funga hiki unachosoma. Usikimalizie kwa kusonya na kuguna. Wewe Iddi, vaa viatu vyako mwenyewe uende ukaseme ulichokiona. Wewe Chirau, wewe wa mayai, wewe wa safu ya mbele, na wewe uliyekaa hapo ukidhani hukutajwa, shikeni njia ya kwa karani leo hii, afisi ingali wazi, mkataje majina yenu na ya baba zenu, na arusi mliyocheza, na mwaka wake. Wawili wanatosha. Usingoje wa pili atoke ndipo utoke. Simama.